Anayeipenda Ndiye Aandike

Kwa miaka mingi nilijiita mhakiki wa filamu, kumbe nilikuwa mtukanaji mwenye kalamu. Nilikuwa Lubumbashi, nikiandika kwa Kifaransa katika gazeti dogo la mjini, na watu walilinunua waone safari hii nimemchana nani. Nami nilifurahia. Mtu akiniambia nimezidi, nilimtajia jarida moja tu: Cahiers du cinéma.

Jarida hilo nililifahamu kwa upande ulionifaa. Nilijua kwamba lilianzishwa Paris mwezi wa Aprili 1951 na André Bazin, Jacques Doniol-Valcroze na Joseph-Marie Lo Duca, likiwa na jalada la manjano. Zaidi ya yote niliipenda makala ya Januari 1954, ambamo François Truffaut, kijana ambaye hata miaka 22 hajatimiza, aliwavaa waandishi wakubwa wa filamu za Ufaransa waliokuwa wakigeuza riwaya maarufu kuwa picha nadhifu zisizo na uhai. Mwaka 1958 tamasha la filamu la Cannes lilimnyima mwaliko kwa ukali wake. Mwaka uliofuata alirudi pale pale na Les Quatre Cents Coups, akatunukiwa tuzo ya uongozaji. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kwamba ukali unalipa.

Ikaja filamu ya kijana mmoja wa mjini kwetu. Sauti ilikwaruza, na katika tukio moja kipaza sauti kilining'inia juu ya kichwa cha mwigizaji. Niliandika safu nzima juu ya kipaza sauti kile. Hadithi yenyewe sikuigusa. Baadaye nikasikia kwamba majirani walimsomea mama yake makala ile, huku wakicheka.

Mzee mmoja mtunza maktaba, aliyenisaidia sana katika Kifaransa changu, alikuwa ameisoma. Hakunigombeza. Alinipa kitabu cha makala za Bazin, akasema, "Mwanangu, umemsoma mtoto. Sasa msome baba."

Nilisoma nikaona aibu. Bazin alitaka kuwa mwalimu, kigugumizi kikamfungia njia. Truffaut alipokuwa kijana mtukutu, aliyepitia kituo cha kurekebisha tabia na baadaye kifungo cha jeshi kwa utoro, Bazin ndiye aliyemhangaikia mpaka akatoka, kisha yeye na mkewe Janine wakampokea nyumbani kwao. Hata makala ile niliyoitumia kama rungu haikutoka mbichi: ilirudishwa kwa mwandishi ifanyiwe kazi tena. Na mwaka 1957, vijana wa jarida walipozidi kuwatukuza waongozaji waliowapenda, Bazin aliwapinga waziwazi, katika kurasa zile zile, bila kumfukuza hata mmoja. Humo humo alieleza desturi yao: filamu hupewa mhakiki mwenye hoja nyingi zaidi za kuitetea. Mimi nilikuwa nikichagua zile nilizozidharau.

Bazin alifariki tarehe 11 Novemba 1958, akiwa na miaka 40, siku moja baada ya Truffaut kuanza kupiga Les Quatre Cents Coups. Filamu hiyo ikawekwa wakfu kwa kumbukumbu ya Bazin.

Nilimtafuta yule kijana kumwomba radhi. Nilitegemea anifukuze, na angekuwa na haki. Badala yake aliniambia, "Karibu, kaka, leo tumepungukiwa mtu." Akanikabidhi ubao uliobandikwa karatasi ya alumini, nirudishe mwanga wa jua usoni mwa mwigizaji. Mikono ilikufa ganzi. Pembeni nilimwona mshika kipaza sauti akikimbia kuzima jenereta kila mara kabla ya kupiga tukio, kisha akirudi anahema kunyanyua fimbo yake. Safu yangu nzima ilikuwa juu ya mtu huyo. Mchana alinigawia ugali wake.

Sikubadilika kwa siku moja. Sentensi ya dhihaka bado hunijia haraka kuliko ya haki, na kuna wiki hunishinda. Hunitia moyo kwamba jarida lenyewe lilipotea pia: mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilizama katika siasa za Mao, picha zikatoweka kurasani na wasomaji wakalikimbia, kisha taratibu likarudi kwenye filamu. Mwaka 2020 wahariri wake walijiuzulu kwa pamoja, wakihofia uhuru wao mbele ya wamiliki wapya, ambao baadhi yao walikuwa watayarishaji wa filamu. Likaendelea kutoka.

Ndugu msomaji, huenda nawe una ulimi unaosifiwa kwa kuchoma. Sikuhukumu, maana nimekula mkate huo. Siku hizi, kabla ya kuandika, humtafuta mtu aliyeipenda filamu kuliko mimi, nikamsikiliza mpaka mwisho. Makosa bado nayataja. Ila sasa najua yalitendeka mikononi mwa nani, na namshukuru aliyenigawia ugali nikiwa sistahili.