Swali la Kumi na Nne

Mkufunzi wa chuo cha ualimu hana shughuli hospitalini, isipokuwa ameugua au anauguza. Hata hivyo, mwaka 2022 mganga mkuu wa wilaya moja aliniomba nimsaidie kuandaa semina ya siku tatu kwa matabibu na wauguzi wa vituo vya afya, juu ya matunzo ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu. Wao wangeleta utaalamu wa tiba. Mimi ningeleta mbinu za kufundishia. Nilikubali kwa fahari. Naeleza hapa yaliyotokea kwa sababu yanatuhusu sisi tunaofundisha walimu kuliko tunavyopenda kukiri.

Nilifanya kama nilivyofunzwa. Kila somo lilikuwa na shabaha zake, chati za rangi na maswali ya utangulizi. Siku ya mwisho tulitoa jaribio lenye maswali 20. Swali la kumi na nne nililitunga mwenyewe: "Taja mambo matatu ya kuchunguza katika miguu ya mgonjwa wa kisukari." Karibu wote walilipata. Tabibu mmoja kijana alipata 19, jina lake likasomwa mbele ya wenzake, akapigiwa makofi. Tulipiga picha, tukala pilau, tukaagana.

Wiki sita baadaye nilimpeleka mama yangu mzazi, ambaye ana kisukari kwa miaka mingi, kwenye kliniki ya tabibu yule yule. Alimwamkia kwa adabu, akampima sukari na shinikizo la damu, akaandika katika daftari lake, akamwongezea dawa. Foleni nje ilikuwa ndefu. Mama hakuambiwa avue viatu. Nami, mtunga swali, nilikaa kwenye benchi kando yake nikitazama saa. Kumbe mwiba ulikuwa umemwingia unyayoni siku nyingi, naye hakuusikia, kwa kuwa kisukari kilikwisha kuua fahamu za miguu. Sisi nyumbani tuligundua kwa harufu. Alikatwa vidole viwili.

Kwa muda nilimkasirikia yule kijana. Kisha nikaisoma tena karatasi yangu ya maswali. Nilimwambia "taja", naye akataja. Hakuna mahali katika siku zile tatu tulipomtaka apige magoti mbele ya mgonjwa na kuushika mguu. Msomaji aliyewahi kusimamia mazoezi ya kufundisha anamfahamu mwanachuo wa namna hii: ameandika insha safi juu ya matumizi ya zana, lakini darasani huongea na ubao.

Tena kuna tofauti ya ugonjwa wenyewe, ambayo sikuifikiria. Mgonjwa wa malaria isiyo kali humeza dawa siku tatu na kazi ikaisha. Mwenye kisukari hurudi mwezi baada ya mwezi, maisha yake yote, na kila arudipo huweza kuwa na jambo jipya: macho, figo, miguu, mfungo wa Ramadhani. Akipata kifua kikuu na kuanza rifampisini, vidonge vya glibenklamaidi alivyozoea hupungua nguvu, na sukari hupanda ingawa hakukosa dozi hata moja. Mambo ya jinsi hii hayamalizwi katika semina ya siku tatu. Tabibu huyajua anapokutana nayo, na wakati huo mwalimu amekwisha kurudi mjini.

Nilipotafuta waliofanya vizuri zaidi, nilikuta kisa cha Marekani. Mwaka 2003 Sanjeev Arora, daktari bingwa wa ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico, alikuwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliosubiri miezi mingi wapate nafasi ya kumwona. Badala ya kuwaita matabibu wa mbali kwenye mhadhara, alikutana nao mara kwa mara kwa njia ya video, na kila mmoja akaeleza mgonjwa aliyenaye mkononi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliopona chuoni ni asilimia 57.5, na waliotibiwa na wale matabibu wa vijijini na magerezani ni asilimia 58.2. Hapa kwetu Tanzania nako, miaka ya mwanzo ya 2000, mradi wa matunzo ya miguu ya wenye kisukari uliwafundisha daktari na muuguzi wawili wawili, ukawarudisha kazini, kisha ukawaita tena kwa kozi ya pili baada ya kupata uzoefu. Nasikitika kwamba sikuyasoma hayo kabla ya kuchora chati zangu.

Semina ya pili tuliifanya kliniki, asubuhi, wagonjwa wakiwapo. Kila tabibu alikuja na habari za mgonjwa mmoja aliyemshinda, bila kutaja jina, na tulikubaliana kukutana kila mwezi. Sitaficha kwamba mahudhurio yalipungua ilipofahamika kuwa hakuna posho. Mwezi wa tatu walikuja saba tu, wengine wakiwa wamelipa nauli yao. Lakini wale saba walibishana juu ya wagonjwa wao hadi saa nane mchana.

Katika semina hiyo mama alijitolea kuwa mgonjwa wa kwanza. Tulikuwa tunajifunza njia iliyotoka Ipswich, Uingereza, isiyohitaji kifaa: mgonjwa hufumba macho, nawe humgusa polepole kwa ncha ya kidole cha shahada kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asipohisi mahali pawili au zaidi kati ya sita, miguu yake imo hatarini. Kwa mguu wa mama ilibidi hesabu ianze na pengo. Yule kijana wa alama 19 ndiye aliyepiga magoti. Aligusa, akauliza, akaandika, akageuza nyayo zote mbili na kuzitazama. Alipotaka kuinuka, mama alifumbua macho.

"Baba, hujatazama katikati ya vidole."

Akapiga magoti tena.