Sketi ya Pande Nane

Nilipomwambia mjomba kwamba tunakuja Mkuyuni na nyumba yetu mgongoni, alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena hakuwa anacheka. "Wewe mtoto," alisema, "watoto wa dada yako walale nje kama wakimbizi, na mimi nipo hai? Watu watasemaje?"

Ebwana, hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Shamba la bibi liko juu ya Mkuyuni, upande wa Kinole, mwendo wa saa mbili kwa miguu kwa mtu asiyebeba kitu. Bibi alipofariki nyumba yake ya udongo ilikaa miaka miwili, masika ya tatu ikalala chini. Sasa, kwa Waluguru ardhi ya ukoo, wenyewe wanasema lukolo, hupita upande wa mama. Mimi nikijaliwa watoto watakuwa wa ukoo wa mama yao. Wenye lile shamba ni watoto wa dada: binti wa miaka tisa na kaka yake mdogo wa miaka sita, wazaliwa wa Mbagala, ambao Uluguru waliijua kwa kuiona dirishani mwa basi. Na habari zilikuwa zimefika mjini kwamba mpaka umeanza kutembea. Migomba ya jirani ilikuwa imevuka hatua tatu, nne.

Kwa hiyo hatukuwa tunakwenda pikiniki. Tulitaka watoto walale pale pale, waonekane asubuhi wakipiga mswaki kwenye shamba lao. Nyumba ya mjomba iko bondeni; ukilala kwake unafika shambani kama mgeni wa saa nne. Lazima tulale juu. Swali likawa: chini ya kitu gani?

Cha kwanza tulikuwa nacho nyumbani: turubai la dingi, la pamba nzito, kazi ya Morogoro Canvas Mill, kile kiwanda cha Kihonda cha miaka ya 1980. Turubai hilo limefunika misiba na harusi za mtaa mzima na halijawahi kuvuja. Nikalipeleka kwa muuza mahindi likapimwe. Kilo kumi na moja, likiwa kavu! Likinywa mvua je?

Cha pili, hema la mitumba, lile la mviringo lenye vijiti vya kupinda. Zuri kwa macho. Lakini wanalala wawili, wa tatu miguu nje, na kijiti kimoja kikivunjika umebaki na shuka. Cha tatu, turubai la bluu la plastiki, rafiki wa kila mmachinga. Bei poa, jepesi, ila linataka kamba ifungwe kwenye miti miwili. Shambani kuna migomba, na mgomba si mti wa kufungia nyumba. Msituni juu huendi kukata nguzo. Tangu mwaka 2008 ule ni hifadhi ya mazingira asilia. Halafu upande huu wa mashariki ndio unaopokea upepo wa baharini na mvua zake. Juni, mjini Morogoro unakula vumbi. Huku juu bado inanyesha, tena kwa ubavu. Turubai lililo wazi pande mbili ni mwavuli wa kichwa tu.

Mshikaji wangu mmoja ndiye aliyenionyesha picha ya watembea milimani wa Marekani, watu wanaokata hata mpini wa mswaki kupunguza mzigo. Walikuwa wamelala chini ya piramidi ya kitambaa: nguzo moja katikati, pembe nne zimevutwa chini kwa vigingi, sakafu hakuna. Si uvumbuzi mpya. Jeshi lao lilitumia mahema ya namna hiyo, makubwa mno, katika Vita Kuu ya Pili. Akili yake ni nyepesi kuelewa. Pande zote zimelala, kwa hiyo upepo haukuti ukuta wa kusukuma, na maji hayapati pa kukaa. Nguzo ni moja, na gongo la kutembelea unalo tayari mkononi.

La dukani sikuliota, bei yake ni noma. Nikachukua daftari. Nilitaka mraba wa mita 2.8 chini na kimo cha mita 1.6. Kwa Pythagoras wa kidato cha pili, mteremko wa kila upande ni kama mita 2.13. Pembetatu nne zinakula mita 12 za mraba hivi. Kwa kitambaa kama cha dingi, cha gramu 400 kwa mita ya mraba, hiyo ni karibu kilo tano. Kwa naironi ya vifuniko vya pikipiki, ya gramu 100, ni kilo moja na robo. Kitambaa kina upana wa mita moja na nusu, kwa hiyo unakata mistatili minne ya urefu wa mita 2.13, kila mmoja unaupasua kona kwa kona, unapata pembetatu nane. Jumla mita nane na nusu. Nilijiona profesa.

Fundi wangu wa cherehani aliitazama ile karatasi, akanyamaza, kisha akauliza, "Kitambaa chako kina mpako upande mmoja?" Nikasema ndiyo. "Basi ukiipasua yote kwa mwelekeo mmoja, nusu ya vipande vyako utavigeuza ndani nje ili vikae. Mpako huku ndani, kule nje." Akachukua chaki. Mistatili miwili akaipasua kuanzia kona ya kushoto, miwili kuanzia ya kulia. Pembetatu nne na wenzao wa kwenye kioo. "Hii ni sketi ya pande nane, kijana. Nimeshona nyingi kabla hujazaliwa."

Pamoja na kamba ilifika kilo moja na nusu. Vigingi tulichonga vya mianzi.

Tukapanda gari la Matombo, Bigwa, Kiroka, likatushusha Mkuyuni. Mjomba alitusubiri barabarani, kofia kichwani. Shikamoo, marahaba, na kimya. Akautwaa mzigo wa mtoto mdogo bila kuombwa, akatangulia. Dada alipanda akitegemea gongo la mwanzi, nguzo ya nyumba yetu.

Kule juu nilichagua mahali pazuri, tambarare, laini kama zulia. Mjomba akapatazama. "Hapo ni kitanda cha maji. Kwa nini unadhani majani yamelala?" Akatuhamishia hatua kumi juu, penye kifundo cha ardhi, jirani na palipokuwa jiko la bibi. Dakika kumi sketi ikasimama. Nailoni chini, mkeka juu yake. Mjomba akaizunguka mara mbili, akavuta kamba moja, akaaga. Giza lilipoingia alirudi na blanketi.

Mvua ilikuja saa nane usiku. Msomaji, sikudanganyi, hatukulowa kwa mvua. Tulilowa kwa pumzi zetu. Watu watano chini ya naironi, nje baridi. Pumzi ilipanda, ikagusa kitambaa, ikageuka matone, ikaturudia usoni. Mtoto akalia kwamba nyumba inavuja. Nikainua pindo shibiri moja upande usio na upepo, hewa ikapita, matone yakapungua. Usingizi ulikuwa umeshapotea, basi mjomba akaanza kusema gizani. Jinsi mwaka 1955 watu wa Uluguru walivyoyakataa matuta ya serikali ya mkoloni, mpaka damu ikamwagika Matombo. Jinsi bibi alivyolima kipande hiki. Jiwe lipi la mpaka, mwembe upi. Binti akauliza maswali mpaka mimi nikasinzia.

Asubuhi jirani alikuja kuona kile kitu cha ajabu. Akanywa chai nasi. Watoto wakatangulia na babu yao, binti akahesabu hatua kwa sauti kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mwembe. Jirani alifuata nyuma, kikombe mkononi. Walipoipita migomba ile minne hakuna aliyesema neno. Baada ya wiki mbili mjomba alipiga simu kusema imeng'olewa na kupandwa ng'ambo.

Lakini kuna kitu sikukipima, na mpaka leo kinanisumbua. Usiku ule mjomba alipoingia, aliinama, akashindwa, akatambaa. Mzee yule, mwenye nyumba zote za ukoo, aliingia kwa magoti na mikono, kofia ikaanguka, na watoto wakacheka. Naye alicheka. Siku ya kuondoka alinivuta pembeni.

"Kitu chako kizuri," alisema. "Ila mwakani mlango upande kidogo. Mtu mzima haingii kwake kama kuku."

Nimeshapiga hesabu. Nikiipandisha nguzo iwe mita 1.8, kitambaa kinaongezeka sentimita sitini na mbili tu. Fundi ameniambia niende Jumamosi.