Barua kwa Idrisa, Kuhusu Faili Alilolifuta

Mwanangu Idrisa,

  

Kaka yako kanipa habari iliyonikosesha usingizi. Eti matoleo mawili ya kitegemezi kimoja yaligongana, programu yako ikagoma kujengeka, nawe ukalifuta lile faili linalofunga matoleo ya vitegemezi. Sasa kila ikijengwa inajivutia toleo lolote jipya inalolikuta kwenye intaneti, na wewe unasema ndiyo kwenda na wakati.

Idrisa, vitegemezi ulivyoviandika kwa mkono wako ni vichache. Kila kimoja ni mgeni anayekuja na wageni wake, nao wana wao. Faili ulilolifuta ndilo lililokuwa na majina ya wote walioingia.

Sikia kisa cha Machi 2016, ulipokuwa bado shule. Azer Koçulu alikuwa na pakeji yake iitwayo kik kwenye npm, ghala la pakeji za JavaScript. Kampuni moja ya Kanada yenye jina hilo ikalidai, wenye npm wakaipa. Koçulu akakasirika, akaondoa pakeji zake zote, zaidi ya 250. Mojawapo ilikuwa left-pad: mistari 11, kazi yake kujaza nafasi kushoto mwa maandishi mpaka yatimie urefu unaotakiwa. Basi! Lakini Babel, chombo cha kutafsiri JavaScript, iliitegemea kupitia pakeji nyingine, na miradi isiyohesabika iliitegemea Babel. Watu wakaona kazi zao zimekwama kwa kitu wasichowahi kukisikia, hadi npm walipoirudisha saa chache baadaye. Kazini kwetu, vijana waliokuwa wakinicheka kwa kuweka nakala za pakeji kwenye seva yetu wakaja mezani kwangu wapole kabisa. Radhi hawajaniomba hadi leo.

Najua utanijibu kuwa faili lako lisingezuia hilo. Kweli, pakeji ikiondolewa kinachokuokoa ni nakala yako. Lakini Januari 2022 mwenye pakeji ya colors alitoa toleo jipya lenye kitanzi kisichokoma, makusudi. Waliofunga toleo la zamani hawakuguswa. Waliokuwa wakivuta jipya kama ufanyavyo wewe ndio walioumia. Lirudishe faili lako kwenye Git, kisha mgongano uutatue kwa kuuangalia: nani anataka toleo lipi, na kwa nini.

Na mengine mawili kuhusu vitegemezi: sehemu mbili za programu zikitegemeana kwa mzunguko, toa kile zinachokigombania kiwe sehemu ya tatu. Ukiandika Makefile, taja kila kitegemezi, kwani siku mtakapojenga kazi nyingi sambamba, ulichokificha kitakuumbua. Hayo nayajua tangu enzi zangu na make, programu ya kujengea ya Stuart Feldman wa Bell Labs, 1976, mnayoiita ya wazee huku bado mnaitumia.

Baba yako anasema nikuache, u mtu mzima. Baba yako hajawahi kuamshwa usiku na programu iliyojengeka jana na leo haitaki.

Shangazi yako,
Mwanaidi