Mtu Aliyeamka Mikononi mwa Waasi

Msomaji wangu, nataka kukueleza habari za kitabu ambacho mwandishi wake alitangulia wakati wake kwa mambo mengi, na kwa jambo moja akabaki nyuma sana. Mwandishi huyo ni H. G. Wells, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1866 na kufariki mwaka 1946. Kitabu kilitoka mwaka 1899 kwa jina la When the Sleeper Wakes. Mwaka 1910 akakitengeneza upya na kukiita The Sleeper Awakes. Mwaka 1899 ndio mwaka ambao reli kutoka Mombasa ilifika mahali ambapo leo pana mji wa Nairobi, na ndege yenye mtambo ilikuwa bado haijaruka. Ndugu wawili wa Marekani, akina Wright, waliirusha ya kwanza mwaka 1903. Walakini katika kitabu hiki ndege kubwa zinavuka bahari zikiwa zimejaa askari. Liweke jambo hilo akilini, maana nitalirudia.

Hadithi za namna hii, zinazobuni mambo ya kesho juu ya msingi wa sayansi ya leo, hupenda sana waasi. Fungua yoyote upendayo, aghalabu utamkuta mgeni ameanguka katika nchi au sayari asiyoijua, watawala wanamwinda, na waasi wanatokea gizani kumwokoa. Hana nafasi ya kuuliza maswali. Anakimbia nao, na kabla ya kurasa nyingi kupita amekuwa mwenzao. Mimi huzipenda hadithi hizi kama wewe unavyozipenda. Lakini mara nyingi mwandishi hulimaliza shauri upesi mno: kwa kuwa watawala ni wabaya, basi waasi lazima wawe wema. Wells hakulimaliza upesi, na ndiyo sababu nimemchagua yeye.

Sikiliza kisa chenyewe. Mwaka 1897 mtu mmoja, jina lake Graham, yuko pwani ya Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, ameteseka siku nyingi kwa kukosa usingizi. Hatimaye usingizi wamjia, tena wamjia kwa ajabu: alala miaka 203. Wakati amelala, jamaa yake mmoja na mtu mwingine aliyemfahamu wafa na kumwachia mali zao. Mali yawekwa chini ya wadhamini, wadhamini waifanyia biashara, faida yazaa faida, hata anapofumbua macho mwaka 2100 mtu huyu ni bwana wa zaidi ya nusu ya dunia. Wadhamini wamekuwa Baraza, na Baraza ndilo serikali. Watu wa chini, kwa kukata tamaa, wamezoea kusema kwamba mambo yatatengenea siku Mlalaji atakapoamka, kama sisi tusemavyo siku punda atakapoota pembe. Sasa punda ameota pembe. Baraza laingiwa na hofu. Lamfungia Graham katika vyumba vizuri vyenye kila starehe isipokuwa mlango wa kutokea, na huko nje lashauriana kama aachwe hai.

Hapo ndipo waasi waingiapo. Wanamshukia kupitia tundu la hewa, wanamtoa usiku, wanampitisha juu ya mapaa ya mji huku theluji ikianguka, kisha wanamleta katika ukumbi mkubwa ambamo maelfu ya watu wanaimba. Haujui wimbo wao, hajui wanadai nini, hajui jina la mtu hata mmoja kati ya hao wanaolia kwa furaha ya kumwona. Mara taa zinazimika, vita vinaanza gizani, naye anapotea katika njia za mji. Katika kupotea huko anakaa na mzee mmoja ambaye, bila kujua anasema na nani, anamwambia kwamba huyo Mlalaji aliyeamka si Mlalaji wa kweli, ni mtu aliyepachikwa tu, na kwamba mambo yote ni hila ya mtu mmoja aitwaye Ostrog. Napenda sana ukurasa huu. Mzee amekosea kuhusu mtu aliye mbele yake, lakini kuhusu hila hakukosea, na Graham, kwa kuwa anajua yeye ni Mlalaji wa kweli, analipuuza neno lote.

Ostrog ndiye mkuu wa mitambo ya upepo iupayo mji nguvu zake, naye ndiye kiongozi wa maasi. Graham anamwendea kwa miguu yake mwenyewe, maana hana mahali pengine pa kwenda.

Nakuomba usimame hapa kidogo, msomaji. Hakukuwa na mkataba kati ya watu hawa wawili, wala kiapo, wala hata mazungumzo marefu. Ostrog alikuwa na mitambo, silaha, na watu waliopangwa tayari. Alichokosa ni jina ambalo umati ungelifuata. Graham alikuwa na jina, na zaidi ya hilo hakuwa na kitu. Kila mmoja alikuwa nusu ya mfalme. Wahenga wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali hii yatupa taabu kidogo mahali hapa, kwa sababu Ostrog alimfaa Graham kwa dhiki kweli kweli. Pasipo yeye labda Graham angalikufa mikononi mwa Baraza. Je, alikuwa rafiki? Mimi naona methali yataka tuangalie pia kama mtu alikufaa wewe au alikifaa kile kitu ulicho nacho. Mwenye kuokoa mtu na mwenye kuokoa hati ya shamba huweza kukimbilia nyumba moja inayoungua kwa haraka ile ile, na aliye ndani ya moshi hawezi kuwatenganisha.

Baraza linaanguka. Graham anatazama vita vyake katika kioo kinachoonyesha mambo ya mbali, jambo ambalo sisi tumelizoea lakini msomaji wa 1899 hakuliona popote. Anatangazwa kuwa bwana wa dunia. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Graham hakupewa jembe. Alipewa karamu, wajuzi wa kumchekesha, na ndege ya kujifunzia kuruka, naye akaipenda ndege hiyo kama mtoto apendavyo gari la bati. Wakati huo Ostrog anafanya kazi ya kutawala. Wells, nadhani, anatwambia kwa upole kwamba mapatano haya hayakuvunjwa kwa usaliti wa ghafula. Yalikuwa hivyo tangu mwanzo, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa ameyasoma.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1966, Mmarekani Robert Heinlein alitoa kitabu kiitwacho The Moon Is a Harsh Mistress, ambamo fundi wa mitambo anavutwa kuingia katika maasi ya watu wa mwezini. Fundi huyo ni mtu wa tahadhari kuliko Graham. Aliitaka mashine ya kufikiri imkadirie kama wana bahati ya kushinda, na alipojibiwa kwamba ni bahati moja katika saba, akaingia. Ni swali zuri, lakini ni swali la mcheza kamari. Nani atashika ghala tukishinda? Swali hilo ni gumu kuliza usiku wa kukimbia, mbele ya watu waliohatarisha roho zao kwa ajili yako. Laonekana kama utovu wa shukrani.

Anayemfumbua macho Graham ni msichana, Helen Wotton, mpwa wa Ostrog mwenyewe. Anamweleza kwamba walioimba usiku ule hawakuimba ili Baraza liondoke na Ostrog akae mahali pake. Theluthi ya watu wanavaa nguo za rangi ya samawati, sare ya Kampuni ya Kazi: huingia humo kwa njaa, hulipwa chakula na malazi ya siku, na hutoka kwa shida au hawatoki kabisa. Wells aliijua njaa ya namna hiyo kwa karibu, maana ujanani alifungwa kazi ya kujifunza uuzaji wa nguo dukani, akaichukia. Graham anamwendea Ostrog na kumwuliza. Nitamtendea Ostrog haki, kwa kuwa mwandishi alimtendea: hasemi uongo. Anaeleza waziwazi kwamba umati ulihitajika kwa kuliangusha Baraza, kazi hiyo imekwisha, na sasa umati urudi mahali pake. Anayaona mambo haya kuwa ya kawaida, kama mjenzi anayeondoa jukwaa baada ya kumaliza ukuta.

Na kama jukwaa likikataa kuondoka? Hapa, msomaji wa Kenya, tunafika mahali penye jambo letu. Watu wa Paris wamekataa kutulia, na Ostrog amewapelekea polisi weusi walioletwa kwa ndege kutoka Afrika. Anawasifu: ni waaminifu, wenye nguvu, na vichwa vyao havina mawazo ya kuwasumbua. Ndivyo asemavyo. Graham anakataza wasiletwe London. Sasa sikia sababu yake. Hasemi kwamba ni dhuluma kumpiga mtu mwenye njaa. Hilo litakuja baadaye. Kwanza anasema kwamba ana hisia za zamani kuhusu Wazungu na jamaa za watu wanaotawaliwa nao. Yaani kinachomchoma ni rangi ya mkono ulioshika rungu.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Nilikuwa nimesafiri na mtu huyu juu ya mapaa, nimeona baridi pamoja naye, nimefurahi alipoanza kuamka mara ya pili kwa kuwaonea huruma watu wa nguo za samawati. Nilikuwa katika chama chake. Kumbe katika hadithi yake mimi sipo ukumbini pamoja na wanaoimba. Mimi nimo ndani ya ndege, sina jina, sina uso, nangojewa kama tauni. Nikakifungua tena na kuendelea, lakini kuanzia hapo nilisoma kama asomavyo mtu aliyeingia katika mapatano ya mashaka. Nilimhitaji Wells kwa yale aliyoyaona vizuri, nami sikumwamini.

Sitaki useme kwamba hayo ni mabuni tu. Mwaka 1902, miaka mitatu baada ya kitabu kutoka, serikali ya Uingereza iliunda jeshi la King's African Rifles, nalo likapelekwa mbali na kwao mara nyingi. Vita vya dunia vya pili vilipopiganwa, askari wa Afrika ya Mashariki walifika Madagaska na Burma. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 vikosi vyake, kimoja kikiwa cha Kenya, vilikwenda Malaya kupigana na waasi katika misitu ya huko. Wells alikisia kweli, basi, kwamba dola itamchukua mtu wa nchi moja iliyotawaliwa kumtuliza mtu wa nchi nyingine. Alichokosea ni upande ambao ndege zingeelekea. Mwezi wa Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa hapa Kenya, askari waliomiminwa Nairobi kwa ndege walikuwa Waingereza wa kikosi cha Lancashire Fusiliers, kutoka eneo la mfereji wa Suez. Mwandishi aliwaza Waafrika wakishuka London kutoka angani. Kumbe walioshuka kutoka angani walikuwa Wazungu, nao walishuka kwetu, kwa sababu ya waasi wetu. Na karibu wakati huo huo kijana wa Kenya alikuwa amelala kwenye matope ya Malaya akimwotea mwasi ambaye hakumjua wala hakumkosea.

Mwisho wa kisa nitakueleza kwa ufupi. Vyombo vya kutangaza habari vinapiga kelele mjini kwamba Ostrog ameagiza polisi weusi waje London. Graham anamwacha Ostrog na kujiunga na umati, safari hii akijua anajiunga na nani na kwa ajili gani. Watu wanapigania viwanja vya ndege huko chini. Graham, ambaye alipewa ndege kama mchezo wa kumsahaulisha, anaipanda peke yake na kuzikabili ndege kubwa zinazokuja kutoka kusini. Anazigonga, zinapinduka na kuanguka na wote waliomo. Kisha yeye naye anaanguka, na kitabu kinakwisha akiwa bado hewani.

Wasomaji wengi humwomboleza Graham, nami sikukatazi. Lakini ukikisoma, zihesabu ndege zile zinazoanguka kabla yake. Ndani yake wamo watu waliopanda asubuhi ya siku ile mahali fulani katika bara letu. Ostrog aliwasemea kwamba hawana mawazo, na Graham hakumwuliza alijuaje. Hakuna mwasi aliyewapelekea mjumbe, wala aliyefikiri kwamba huenda na wao walikuwa na Kampuni ya Kazi yao huko walikotoka. Mimi ningependa kusoma hadithi hii ikianza ndani ya ndege mojawapo, askari wawili wameketi bega kwa bega juu ya bahari, mmoja akimnong'oneza mwenzake amwulize kama anajua wanakwenda kumpiga nani.