Mwizi wa Ndani

Avunjaye mlango ili aone kilichomo nyumbani huwafungulia wezi njia. Lakini mwizi wa seli hukaa ndani, chini ya paa moja na mali. Vimeng'enya vikatavyo protini, vingi katika hivyo vimefungiwa katika vifuko vidogo viitwavyo lisosomu, na seli ingali hai hukata kwa kipimo. Mtafiti aisagapo seli apate rojo yake, vifuko hupasuka, na vilivyokuwa watumishi huwa wanyang'anyi.

Vifuko hivyo vilijulikana kwa bahati. Mwaka 1949, huko Louvain katika Ubelgiji, Christian de Duve na wenzake walipima kimeng'enya kimoja cha ini la panya wakakikuta haba, kama sehemu moja ya kumi ya walichotazamia. Rojo ile hawakuimwaga. Waliiweka katika jokofu, na walipoipima tena baada ya siku tano kimeng'enya kilikuwa tele, maana kuta zilizokificha zilikuwa zimelegea. Jina la lisosomu lilikuja mwaka 1955. Siku tano zilizomfaa de Duve zingemfilisi mtu atafutaye protini nzima.

Kwa hiyo rojo huwekewa vizuizi. Mpishi wa pwani ajuaye kufunga nyama ngumu katika majani ya mpapai hana haja ya kuambiwa kimeng'enya chaweza nini. Kizuizi ni kinyume cha jani lile. Leupeptini, iliyopatikana Japani mwaka 1969 kutoka vijidudu vya udongoni, hukizima hata kimeng'enya cha mpapai. Aprotinini hutoka katika mapafu ya ng'ombe, na maharagwe ya soya yana chake, ndiyo sababu mojawapo ya soya mbichi kumsumbua alaye. EDTA haigusi mkataji bali humnyang'anya madini ayategemeayo. Kwa ubaya huo huo huing'oa nikeli katika safu za kusafishia protini, na wengi wameharibikiwa hapo.

PMSF ndiyo ihitajiyo uangalifu. Ni sumu kwa mwenye kuishika, tena haidumu majini: penye pH 7.5 na joto la nyuzi 25, nusu yake huharibika kwa muda wa saa moja hivi. Aliyeichanganya asubuhi akavunja seli jioni ameweka mlinzi maiti mlangoni.

Hapo ndipo penye hatari hasa. Protini iliyopotea yote humshtua mtafiti, akarudia kazi. Iliyokatwa nusu humdanganya. Mwanafunzi huona mistari miwili mahali pa mmoja, akafurahi kwamba seli hukata protini yake kwa siri fulani, akaandika kurasa nyingi juu ya siri hiyo, kumbe mkasi ulikuwa mkononi mwake mwenyewe. Barafu hupunguza mwendo wa vimeng'enya, haivisimamishi. Wala hakuna kizuizi kimoja kiwezacho vyote, ndiyo maana huchanganywa kadhaa.

Mwenye shaka huchukua seli nyingine nzima, akazitumbukiza mara moja katika sabuni kali ichemkayo, ambamo vimeng'enya huharibika kabla ya kupata nafasi ya kukata. Mstari wa pili ukionekana hata hapo, ulikuwamo tangu seli ilipokuwa hai.