Hospitali ya kwenye gemu

Aliyewahi kucheza Grand Theft Auto: San Andreas anajua hospitali yake ilivyo. CJ akipigwa risasi hadi akaanguka, kioo kinafifia, kisha anajikuta amesimama mlangoni mwa hospitali akiwa mzima. Amenyang'anywa silaha na dola 100, basi. Hakuna aliyemwuliza nani atamlipia. Watoto waliokuja kucheza kwangu hapa Nyakabiga walicheka kila mara walipofika hapo. Mmoja alipenda kusema kwamba huyu CJ lazima ana mjomba serikalini.

Nasema kwangu, lakini kilikuwa chumba cha mbele cha mama. Nilipoingia mwaka wa pili chuoni nilinunua PlayStation 2 iliyotumika, pamoja na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mrefu. Mechi moja ya mpira ilikuwa faranga 200. San Andreas nilitoza kwa nusu saa, maana mtu akiianza haachi. Baada ya miezi kadhaa nikaongeza kompyuta ya mezani. Kutoka kwetu hadi kampasi ya Mutanga watu huenda kwa miguu, hivyo usiku, watoto wakishaondoka, niliwachapia wanafunzi wenzangu kazi zao na tasnifu zao. Umeme ukiwepo, lakini.

Wapo wanaosema gemu zinaharibu watoto. Siwezi kuwabishia sana. Nilijua kabisa kwamba baadhi ya zile faranga 200 zilikuwa za mkate, nikazipokea. Hata hivyo sikubali kwamba kucheza ni upuuzi. Sehemu kubwa ya ninachojua kuhusu kompyuta nilikijua kwa sababu gemu fulani ilikataa kufunguka.

Kisha mdogo wangu akashikwa na tumbo. Kidole tumbo, wakasema, na akapasuliwa usiku uleule. Upasuaji ulikwenda vizuri, hilo lazima niliseme. Bili ikaja faranga 410,000. Daktari alimruhusu kurudi nyumbani siku ya Jumatatu, lakini mlangoni hakuruhusiwa kupita, kwa sababu hatujalipa. Akakaa siku tisa zaidi, mzima, kitandani, na mama akimpelekea chakula kila siku. Human Rights Watch waliandika ripoti nzima mwaka 2006 kuhusu wagonjwa waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa kukosa pesa. Nilikuwa nimewahi kuisikia nikadhani ni habari za zamani. Niliuza kompyuta kwanza. Haikutosha, nikauza PlayStation. Kilichobaki alikimalizia mjomba wetu wa Buyenzi, anayetengeneza magari.

Tangu mwaka 2006 kujifungua ni bure nchini kwetu, na matibabu ya mtoto asiyefikisha miaka mitano ni bure. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa watu kama yeye ipo kadi ya msaada wa matibabu. Wakati ule kaya ililipa faranga 3,000 kwa mwaka, na katika hospitali ya serikali, kama ile, mgonjwa alilipa asilimia 20 tu. Piga hesabu: 82,000. Kompyuta ingekuwa bado mezani.

Kadi hiyo hatukuwa nayo, na sababu ni mimi. Mama alinipa hizo 3,000 niende kuinunua. Wiki ileile mkono mmoja wa kuchezea uliharibika, nikasema ninunue mwingine kwanza, kadi inaweza kusubiri. Mama hajawahi kunikumbusha. Afadhali angenikumbusha.

Darasani mwalimu alitutaka tutafute Kiswahili cha "État-providence". Wengine wakasema dola la ustawi. Mwenzetu mmoja akasema sisi tunalo neno tayari, Leta mvyeyi, serikali mzazi, kama serikali yetu inavyojiita tangu mwaka 2020. Tukacheka, kisha tukabishana hadi kengele. Mimi sikusema neno, nilikuwa nawaza zile siku tisa. Mzazi gani anayekupa kadi kwa bei ya mechi kumi na tano, halafu usipoichukua anakufungia mlango?

Nikitayarisha insha hii nilisoma gemu ile ilikotoka. Dundee, Uskoti, palikuwa na kiwanda cha Timex kilichounda kompyuta ndogo za nyumbani, ZX Spectrum, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982. Kijana mmoja wa kiwanda hicho, David Jones, aliacha kazi wakati watu wanapunguzwa, akapewa kiinua mgongo chake, akanunua nacho kompyuta aina ya Amiga. Yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya DMA Design. Wakatoa Lemmings mwaka 1991, na Grand Theft Auto ya kwanza mwaka 1997. San Andreas ilikuja mwaka 2004 kutoka kampuni hiyohiyo ikiwa imehamia Edinburgh na kubadili jina, na Jones ameshaondoka.

Uingereza ya miaka ile ilikuwa ya Thatcher, viwanda vinafungwa, nchi ya kibepari kwelikweli. Lakini sheria ya mwaka 1965 ilimlazimu mwajiri kumlipa mfanyakazi aliyepunguzwa, na tangu 1948 hospitali haikudai pesa mlangoni. Yule kijana angeweza kuzimaliza fedha zake zote kwa mashine, na ndugu yake akiugua kesho yake, mashine isiguswe. Sisemi kipaji chake si kitu. Nasema kompyuta yake haikuwa dhamana ya mtu. Huku kwetu kila kitu cha thamani ndani ya nyumba ni dhamana ya mtu, tuwe tunajua au hatujui, na mwanafunzi anayejaribu biashara ndogo anaijaribu kwa tumbo la mdogo wake.

Kadi sasa tunayo, mama anaitunza mwenyewe. Mdogo wangu huenda kucheza kwa jirani, nami humpa zile 200 nikiwa nazo. Kompyuta bado sijanunua. Tasnifu yangu naichapa kwa rafiki, usiku, baada ya wateja wake kuondoka.