Mwanafunzi wa Bara Katika Mji wa Mombasa

Kila mwaka vijana wengi kutoka bara hushuka Mombasa. Wengine huja kusoma katika vyuo vya mji huo, na wengine huja kwa siku chache tu pamoja na walimu wao. Nyumbani wamebaki wazazi waliouza mahindi au ng'ombe ili karo ipatikane, na wazazi hao wana hofu moja ya tangu zamani, kwamba mji humharibu mtoto. Hofu hiyo si ya bure. Kijana asiye na la kufanya katika mji mgeni hupewa la kufanya upesi, na mara nyingi hupewa na watu wasiomtakia mema. Lakini dawa yake si kumfungia kijana chumbani pamoja na vitabu vyake. Dawa ni kumwonyesha mambo ya kutazama na ya kutenda, maana Mombasa ni mji wenye mafundisho mengi, na mengi katika hayo hupatikana kwa miguu na kwa fedha kidogo.

Safari yenyewe ndiyo somo la kwanza. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na mji wa Nairobi wenyewe ulizaliwa njiani mwake. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, nayo humfikisha msafiri Miritini kwa muda wa saa tano au sita, mahali ambapo zamani abiria alilala garini usiku kucha. Kutoka hapo mgeni hupanda matatu mpaka mjini. Hapana budi akumbuke tangu siku ya kwanza kwamba Mombasa ni kisiwa. Upande wa kaskazini iko Daraja ya Nyali, upande wa magharibi iko njia ya Makupa, na upande wa kusini iko feri ya Likoni. Mwenye kushika njia hizo tatu hapotei.

NGOME YA YESU

Mahali pa kwanza pa kwenda ni Ngome ya Yesu, iliyo kando ya bahari mwanzoni mwa Mji wa Kale. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyeichora ni fundi Mtaliani aliyekuwa katika utumishi wao, jina lake Giovanni Battista Cairati. Kuta zake zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na unene wake humfanya kijana afahamu mara moja kwamba waliozijenga walikuwa watu wenye hofu kubwa.

Na hofu yao ilikuwa na sababu. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome hiyo, na mazingiwa hayo yakaendelea hata Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Ndani walikuwamo Wareno pamoja na watu wa pwani waliowaunga mkono, na njaa na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Msaada ulikuja kwa bahari, lakini haukutosha. Mwaka 1697 manowari moja ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya ngome yenyewe, ikakaa chini ya maji kwa muda wa miaka 280 hivi. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi wenye elimu ya mambo ya kale waliipima na kuichunguza, wakatoa vyombo vingi ambavyo leo huwekwa katika jumba la makumbusho lililomo ngomeni. Mwanafunzi aliyesoma mazingiwa hayo darasani kwa ajili ya mtihani, hapa huona vyombo vilivyotumiwa na mabaharia wale, na habari ile huacha kuwa mistari ya kukariri.

Serikali ya Kiingereza iliifanya ngome hiyo kuwa gereza tangu mwaka 1895 mpaka mwaka 1958. Kisha ikachimbuliwa na kutengenezwa, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kijana na asisahau kutazama michoro ya meli ambayo Wareno waliichora ukutani kwa mikono yao wenyewe. Tena alifikiri neno lenyewe la gereza. Wataalamu wa lugha husema kwamba latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Meza na bendera pia ni maneno tuliyoachiwa na Wareno. Watu walikwenda zao, mizinga ikanyamaza, lakini maneno yao yangali yanatumika katika kila nyumba ya Afrika ya Mashariki.

Mwanafunzi achukue kitambulisho chake anapokwenda huko, kwa sababu wenyeji na wanafunzi hutozwa kiingilio kilicho nafuu kuliko cha wageni.

MJI WA KALE

Kutoka ngomeni ni hatua chache mpaka vichochoro vya Mji wa Kale. Hapa hapatakiwi haraka. Kuna milango ya mbao iliyotiwa nakshi, roshani zilizotokeza juu ya njia, na baraza za mawe ambazo wazee huketi jioni. Uko msikiti wa Mandhry, ambao husemekana ulijengwa mwaka 1570, kabla ya ngome yenyewe. Chini yake iko bandari ya zamani, ambako majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi, yakileta tende na mazulia, na kurudi na kusi yakichukua boriti.

Mgeni na ajue adabu ya mahali. Avae nguo za heshima, aamkie wakubwa, wala asimpige mtu picha pasipo ruhusa, kwa maana nyumba hizi si maonyesho bali ni makao ya watu. Kijana aliyemwamkia mzee vizuri huenda akakaribishwa kahawa, na katika kikombe kimoja cha kahawa chungu akasikia mambo ya mji ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Hapa pia ndipo atakapoonja lugha. Wanafunzi wengi wa bara hudhani kwamba wanajua Kiswahili kwa kuwa walipata alama nzuri shuleni. Kisha husikia Kimvita, watu wakisema mato kwa macho, na kuteka kwa kucheka, nao hushikwa na haya. Haya hiyo ni njema ikiwa itamfanya mtu asikilize. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana katika mji huu huu wa Mombasa, wakachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Kwa hiyo Kimvita kilibaki nje ya darasa, ijapokuwa ndicho lugha ya Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyeishi mpaka karibu na mwaka 1840. Diwani yake ilipigwa chapa mwaka 1940, miaka mia hivi baada ya kufa kwake, kwa kuwa walikuwako watu wa mji waliozihifadhi beti zake. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekaa Mombasa miaka mitatu asiyafahamu hayo ni kama mtu aliyekaa kando ya mto akafa kwa kiu.

BANDARI NA FERI

Upande wa pili wa kisiwa iko bandari ya Kilindini, iliyopata jina lake kwa kilindi cha maji yake. Shehena zinazopita hapo kwa mwaka mmoja huzidi tani milioni 30, nazo si za Kenya peke yake, bali ni za Uganda, Rwanda, Sudani ya Kusini na Kongo ya mashariki pia. Mtu haingii bandarini vivi hivi. Mwalimu mwenye busara huandika barua mapema kuomba ruhusa. Asiye na ruhusa bado anaweza kwenda kwenye bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu mikubwa, na kuziona meli zikipita karibu sana katika mlango wa bahari. Huko huuzwa madafu na mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, na mwenye fedha kidogo hushiba.

Kwa mtoto wa mkulima liko jambo kubwa zaidi. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na chai ya Kenya hunadiwa humo pamoja na ile ya nchi jirani. Baba akiwa Kericho au Nyeri hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, hupimiwa, hupewa karatasi, na habari yake huishia hapo. Bei huitikia zabuni zinazotolewa mnadani na wanunuzi ambao hajapata kuwaona. Mwanafunzi aliye Mombasa anaweza kuuliza jinsi chai inavyoonjwa, kwa nini jani lililokaa sana juani hushusha daraja, na ni nchi zipi zinazonunua. Maarifa hayo akiyapeleka nyumbani yatamfaa baba yake kuliko zawadi ya kanzu.

Kuvuka kwa feri ya Likoni pia ni jambo la kutazamwa, na mwenda kwa miguu halipi kitu. Asubuhi na jioni maelfu ya watu huvuka pamoja na baiskeli, mikokoteni na magari. Lakini kijana asikimbilie chombo kilichokwisha kujaa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikivuka kutoka Mtongwe ilipinduka, na watu zaidi ya 250 wakafa maji karibu na nchi kavu. Wengi wao walikuwa wakienda kazini kama siku zote. Heri kuchelewa darasani kuliko kutofika kabisa.

UPANDE WA KASKAZINI

Akivuka Daraja ya Nyali, mwanafunzi hufika Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na misheni katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Husemwa kwamba kengele hiyo ilipigwa watu walipohofia kuja kwa wenye kukamata watumwa. Leo magari hupita hapo kwa makelele, na wengi hawaitazami. Karibu na hapo, ng'ambo ya kisiwa, wamezikwa mke wa Dokta Krapf na mtoto wao mchanga, waliokufa mwaka 1844 miezi michache tu baada ya kufika. Krapf mwenyewe hakurudi kwao wakati ule. Alijifunza lugha, akaandika kamusi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa.

Mbele zaidi, huko Bamburi, liko jambo ambalo mkulima yeyote angesafiri siku mbili kulitazama. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe hata pakabaki shimo kubwa lisilo na udongo wala jani. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba wa kiwanda, alipewa kazi ya kuparudishia uhai. Alipanda miti ya namna 26, na ni namna tatu tu zilizopona, mvinje ukiwa wa kwanza. Majani ya mivinje yalipoanguka hayakuoza, kwa hiyo hapakupatikana mbolea. Haller akaleta majongoo. Majongoo wakala majani yale, kinyesi chao kikawa udongo mweusi, na katika udongo huo miti mingine ikaota, ndege wakaja, na wanyama wakaletwa. Leo mahali hapo huitwa Haller Park. Ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya mawimbi makuu ya Desemba 2004, akamfuata kobe mzee kama mama yake. Watoto huja kwa habari ya kiboko. Mtoto wa mkulima na atazame udongo, na akumbuke shamba la nyumbani lililochakaa ambalo watu husema halifai tena.

MASHAURI MACHACHE

Pwani ya Bamburi ni ya watu wote, na kuoga hakulipiwi. Asiyejua kuogelea asiingie maji yapitayo kiuno, wala asiende kwenye miamba maji yanapojaa, kwa sababu bahari ya bamvua hurudi upesi. Chakula kizuri si lazima kiwe ghali: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, na mtu hulala salama. Fedha ya karo isikae mfukoni pamoja na fedha ya matembezi. Na mtu asiyejulikana anayejitolea kuwa kiongozi wa mji bila kuulizwa, ajibiwe kwa adabu na kuachwa.

Mwisho, kijana na awe na daftari. Kila Jumamosi achague mahali pamoja, aende na mwenzake, aandike alichokiona na alichouliza. Kisha aandike barua nyumbani. Baba anayepokea barua yenye habari za mnada wa chai na za majongoo waliotengeneza udongo hatakosa kuisoma mbele ya jirani zake, na jirani mwenye mtoto aliyefaulu, aliyekuwa akiogopa kumpeleka mjini, ataomba kuisoma yeye mwenyewe.